Tutakuhakiki Wewe na Kuku Wako

Jumapili, Novemba. Bukiriro, Ngara. Mvua imeanza kabla ya Alfajiri na hadi sasa haijaamua kukoma.

Jumapili ndiyo siku ninayoiogopa. Siku nyingine nina kengele ya shule, nina madaftari ya kusahihisha, nina kelele za Kidato cha Tatu. Jumapili majirani wote wanakwenda misa, barabara inajaa vitenge na miavuli, kisha kijiji kinabaki na mimi, mbwa na matope. Mimi ni Mwislamu wa Muheza niliyepangiwa kazi huku, na Jumapili haijawahi kuwa siku yangu. Nakaa dirishani na chai ya rangi, natazama migomba ya Mama Skola inavyolowa.

Mama Skola mwenyewe hayupo. Hiyo ndiyo habari ya leo, na ndiyo habari ya wiki nzima.

Kwa wale wachache mnaopita hapa bloguni na hamumjui: Mama Skola ni mwenye nyumba wangu. Mjane, umri ule ambao mama yangu angekuwa nao kama angekuwa hai. Mimi nimepanga vyumba viwili vya mbele, yeye anakaa nyumba ya nyuma, na katikati kuna jiko moja la kuni tunalolichangia. Wazazi wake walivuka Mto Ruvubu kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni. Amekulia hapa, ameolewa hapa, amezika mume hapa. Kiswahili chake ni cha sokoni na kanisani, kitamu tu, ila kwake l na r ni ndugu wa baba mmoja. Ananiita Mwarimu. Akifurahi ananiita mwana wanje, yaani mwanangu kwa Kirundi.

Niseme ukweli ambao huwa siusemi nikipiga simu nyumbani. Tangu nifike Ngara, huyu ndiye mtu pekee ninayekula naye.

Wenzangu shuleni ni watu wazuri, sina ugomvi nao. Lakini mimi nina ulimi. Mtu akisema "mazingira magumu yanayopelekea kufeli", siwezi kunyamaza, lazima niseme "yanayosababisha". Mdogo wangu aliacha kunitumia sauti za simu kwa sababu nilimrudishia moja nikiwa nimeisahihisha. Aliniandikia, dada, mimi nilikuwa nakueleza mtoto wangu anaumwa. Basi ndiyo mimi huyo. Watu wananiheshimu, na baada ya kuniheshimu wanakwenda kukaa na wengine.

Mama Skola hakujali. Nilipomsahihisha mara ya kwanza alicheka mpaka akashika mbavu, akasema mdomo wake umezeeka, haufundishiki, nile ugali kabla haujapoa.

Na jioni alikuwa ananisimulia. Kwao hadithi ni umugani, na anazo nyingi, nyingine hazina adabu kabisa. Ninayoipenda kuliko zote ni ya kuku. Kuku alitumwa na wenzake kwa jirani akaombe kaa la moto. Alipofika akawakuta wanakula senene. Akakaribishwa, akala, akanogewa, akaongea ya huyu na ya yule, kaa alilopewa likazimika mguuni pake bila yeye kujua. Alipoulizwa kwao moto uko wapi, akasema ameuangusha hapa hapa nje, ngojeni niutafute. Ndiyo maana kuku hadi leo anaparua. Mama Skola akifika hapo anainuka, anaparua majivu kwa mguu wake wa kulia, kichwa kimepinda upande, na uso wa mtu mwongo aliyebanwa. Wallahi sijaona msimulizi kama yule.

Sasa nieleze habari ya neno, maana yote yametoka kwenye neno.

Muhula huu ninafundisha uhakiki. Nalipenda neno hili tangu nikiwa chuoni. Kila mwaka naanza somo kwa kuuliza darasa uhakiki ni nini, na kila mwaka mkono wa kwanza unajibu kuwa ni kukosoa. Nakasirika, kisha nafurahi, kwa sababu napata nafasi ya kueleza. Kukosoa ni kutafuta kosa, na mtu mwenye wivu anaweza kuifanya kazi hiyo bila kusoma kitabu. Kuchambua ni kazi ya mchicha: unatenga jani na kijiti, unajua kipi ni kipi. Kutathmini ni kukipa kitu thamani, hiki kinafaa, hiki hakifai. Kuhakiki kunabeba hayo yote, halafu kunadai zaidi. Haki, hakika, hakiki ni ukoo mmoja, wametoka Kiarabu pamoja. Anayehakiki anatafuta hakika ya kazi ile na anaitendea haki. Anasema hapa umefanikiwa, kwa sababu hii. Hapa umeanguka, kwa sababu hii. Nikifika hapo huwa nimesimama katikati ya darasa, chaki imenijaa kwenye ushungi, nafurahi kama bibi harusi.

Mwaka huu nikaona nisiishie kwenye vitabu. Kwa nini watoto wasihakiki fasihi simulizi ya hapa hapa kwao, kwa msimulizi aliye hai, wakamwona mguu wake ukiparua majivu? Wazo zuri. Hata sasa naliona ni zuri.

Jumatano ya wiki iliyopita nilikuwa natoka mbio, nimechelewa kipindi. Mama Skola alikuwa anafagia uwanja. Nikampigia kelele kwa furaha nikiwa tayari barabarani:

"Mama, Jumamosi nakuletea watu. Tutakuhakiki wewe na kuku wako!"

Nilicheka. Yeye alisimama na fagio lake. Nilidhani hakusikia vizuri kwa sababu ya upepo.

Jioni hakuwa mwongeaji. Alisema kichwa kinamuuma, akala kidogo, akaingia kulala mapema. Alhamisi aliniuliza hao watu ni wangapi na wanatoka wapi. Nikamjibu kwa madaha kwamba ni wengi, wote wameshajiandaa kwa maswali, na yeye akae tu, asiandae chochote. Aliitikia sawa, Mwarimu. Nikaenda kulala na furaha yangu. Ijumaa sikumwona, nikadhani yuko shamba.

Jumamosi nilifika uwanjani na nusu ya darasa langu. Wasichana walikuwa wamechanga sukari ya kumpa mama msimulizi. Mlangoni kulikuwa na kufuli. Banda la kuku lilikuwa wazi, halina hata unyoya.

Amekwenda na kuku.

Jamani, hapo ningepaswa kuelewa, lakini sikuelewa. Mtu msomi akiamua kutoelewa, hakuna wa kumsaidia. Nilipiga simu, haikupokelewa. Niliwaambia wanafunzi kuwa msimulizi amepata dharura, tukarudi. Njiani nilikuwa na hasira kidogo, nasema moyoni huyu mama kaniaibisha.

Jumatatu nikamlalamikia Mwalimu Renatus, anayefundisha Jiografia. Yeye ni mzaliwa wa Mabawe, Mhangaza wa kwao kabisa, mtu asiye na maneno mengi. Nilimsimulia yote nikitegemea ataniunga mkono. Nilipofika kwenye ile sentensi yangu ya barabarani, aliweka kikombe chini. Akaniomba niirudie kama nilivyoisema. Nikairudia.

"Mwalimu," akasema, "huku uhakiki si somo."

Kisha akanieleza polepole, bila kunidharau, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Huku mpakani, neno hilo watu hawakulipata darasani. Walilipata ofisini. Uhakiki ni siku unayoitwa uhamiaji kuulizwa babu yako kazikwa wapi, chifu wa enzi hizo alikuwa nani, na shule ulisoma na nani. Ukiwa na majibu unarudi nyumbani. Serikali ina sababu zake na hakuna anayesema isiulize, lakini mtu aliyepita hapo anaishi na lile neno. Mume wa Mama Skola aliwahi kuitwa. Aliondoka asubuhi, akarudi jioni na karatasi zake zote sawasawa, raia halali. Tangu siku hiyo hakupenda tena kusikia pikipiki ikisimama mlangoni. Renatus alisema kijiji kizima kinajua hilo.

Kijiji kizima, isipokuwa mimi ninayekula na mjane wake.

Nikawa naisikia sentensi yangu upya. Nakuletea watu. Wameshajiandaa kwa maswali. Usiandae chochote, ukae tu. Tutakuhakiki wewe. Ningesema "tutahakiki hadithi yako", labda angeshtuka nusu. Lakini nilitia ile "ku" katikati ya kitenzi, mimi mwalimu wa sarufi, kwa kutaka kuchekesha. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hiyo methali naiweka kwenye mtihani kila mwaka.

Wiki hii ilikuwa ndefu. Sikujua kuwa jiko linaweza kuwa na kimya cha namna ile. Nilipika wali siku moja, nikajikuta nimepika wa watu wawili, nikala nimesimama. Nilianza kuacha redio ikiwa imewashwa chumbani nikienda shule ili nikirudi nikute mtu anaongea. Sijawahi kumwambia mtu hilo. Usiku mwingine nilijitetea: mbona neno ni sahihi, mbona kamusi iko upande wangu? Iko upande wangu kweli. Ila kamusi hailali nyumba ya nyuma, wala haikuulizi kwa nini leo umechelewa.

Skola, yule binti aliyempa mama yake jina, ameolewa Nemba, wilaya ya Biharamulo. Nilijua mama yuko huko, hana kwingine. Jana nikaamka, nikapanda basi la kupitia Benako, nikashuka Biharamulo mjini, nikachukua bodaboda.

Kosa jingine. Bodaboda iliponguruma uwanjani kwa Skola, nilimwona Mama Skola akiinuka kwenye mkeka na kuingia ndani upesi, akaacha kiatu kimoja nje. Nilitamani ardhi inimeze na ile pikipiki.

Skola alinipokea kwa adabu, bila tabasamu. Alinipa kigoda, akamwita mama yake kwa Kirundi. Kuku walikuwepo, wale wale, wanaparua chini ya migomba ya watu. Mama Skola akatoka.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, Mwarimu."

Hakuketi. Alirudi ndani, akatoka na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kamba ya mgomba. Akaufungua juu ya mkeka, pembeni ya maharage aliyokuwa anapukuchua. Akatoa kitambulisho cha taifa. Akatoa kadi ya mpiga kura. Cheti cha ubatizo kilichochakaa kwenye mikunjo. Cheti cha ndoa. Karatasi za marehemu. Akazipanga moja moja, akazigeuza zote zinitazame mimi, kisha akakunja mikono.

"Hakiki, Mwarimu."

Nililia. Sikuona aibu, nililia mbele ya mkwe wa watu na watoto wa watu. Nilimwambia Mama, zirudishe, tafadhali, mimi si mtu wa hayo. Nikaanza kueleza. Nikasema shuleni neno hilo lina maana nyingine, kwamba mtu anasikiliza hadithi kwa makini, anasema uzuri wake uko wapi na kasoro iko wapi, na msimulizi haulizwi chochote kuhusu ukoo wake. Naamini hiyo ndiyo fasili mbaya kuliko zote nilizowahi kutoa. Skola ilibidi atafsiri. Alikaa akitafuta neno la Kirundi, akalikosa, akaamua kueleza kwa maneno mengi. Nikasikia umugani, nikasikia kuku wakitajwa, nikaona anaparua hewa kwa vidole.

Mama Skola akaniangalia.

Akauliza kama ni kuku wa kwenye hadithi. Nikasema ndiyo, ni huyo huyo. Akauliza kama hawa wenye manyoya hawakuwa na kesi. Nikasema hawana, hawajawahi kuwa nayo. Akacheka. Skola naye akacheka, na mimi nikacheka na kamasi zangu, na nikaamini yameisha. Nikamsaidia kukusanya zile karatasi. Nikasema basi Mama, jiandae twende nyumbani, jiko limepoa.

Kicheko kikamtoka usoni. Akafunga mfuko kwa ile kamba, polepole, akaupakata. Akasema kichwa chake kimeelewa kila kitu, Skola ametafsiri vizuri. Moyo ndio bado. Akasema siku zile mbili za Alhamisi na Ijumaa alikuwa ananisikia mimi kule vyumba vya mbele, naimba kaswida zangu napiga pasi, na yeye anafunga mizigo. Alikuwa anajiuliza ni lini nilikwenda kumchongea, na kwa kosa gani.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilidhani aliogopa watu wa ofisini. Kumbe alimwogopa mpangaji wake.

Nikamwambia Mama, nisamehe, mimi nilikuwa sijui. Akarudi kwenye maharage yake, akapukuchua ganda moja, la pili. Halafu akaniuliza, na hakuwa na hasira hata kidogo:

"Mwarimu, siku ure ulipokuja kwangu na godoro lako, mimi nilikuuriza umetoka wapi?"

Nikajaribu kukumbuka. Ilikuwa jioni, nimetoka safari ya siku mbili, sijui mtu, ushungi umejaa vumbi jekundu. Nyumba mbili za kwanza walinihoji mpaka nikachoka: kabila, dini, nimeolewa, sijaolewa, kwa nini. Yeye alifungua mlango.

"Hapana, Mama. Hukuniuliza."

"Nilikuuriza kama umekula."

Ni kweli. Aliniuliza hivyo, na nilikuwa sijala.

Nilishuka kwenye kigoda, nikakaa mkekani, nikachukua maganda, tukapukuchua. Skola alileta ugali wa muhogo na maharage, tukala sahani moja. Wakati wa kuondoka walinifungia maharage kwenye mfuko, maana huku mgeni haondoki mikono mitupu. Mgeni, nimeandika, na ndivyo ilivyokuwa. Mama Skola alinisindikiza hadi njiani. Nilimwomba dereva wa bodaboda asubiri mbali, nimfuate kwa mguu, na alishangaa lakini alikubali. Tulipoagana aliniambia nenda salama, Mwarimu. Nilingoja ile nyingine, mwana wanje. Haikuja.

Sasa ni mchana, mvua inaendelea, na watu wameanza kutoka kanisani. Nimeyachemsha yale maharage. Yanatosha watu wawili, kwa kuwa sijajifunza bado kipimo cha mtu mmoja.

Kesho nina vipindi viwili vya uhakiki. Nitaufundisha, maana ni neno la haki na watoto hawa wana mtihani nalo. Lakini sitaanza kwa kuwauliza maana yake nikingoja wakosee. Humo darasani kuna watoto ambao wazazi wao pia wana mfuko wa nailoni nyumbani, na mimi nimekuwa nikiwaandikia ubaoni kwa herufi kubwa: MHAKIKI HUULIZA MHUSIKA AMETOKA WAPI. Walikuwa wananakili, wameinamisha vichwa. Nilidhani ni nidhamu.

Jumamosi nitakwenda tena Nemba, peke yangu, na njia ya mwisho nitatembea kwa miguu. Nitamsalimu, nitakaa mkekani, nitapukuchua kile nitakachokikuta. Na asiponiambia lini atarudi nyumbani, sitamuuliza.